Migwani Tatu: Mjadala kuhusu Kupakia Faili za Maandishi katika Hifadhidata

Faili ya maandishi yenye vitenganishi ni orodha iliyoandikwa kwa herufi tupu, ambamo kila mstari husimamia kitu kimoja, na ndani ya mstari huo habari moja hutengwa na nyingine kwa alama iliyokubaliwa, iwe koma, nuktamkato au tabo. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya koma, inayojulikana kwa kifupi chake cha CSV. Hifadhidata ya kimahusiano ni kitu kingine kabisa. Ni mkusanyiko wa majedwali yanayorejeleana, kwa mujibu wa wazo ambalo Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alilitoa katika makala yake ya mwaka 1970, nalo linadai kwamba kila safuwima, yaani habari zinazopangwa kutoka juu kwenda chini, iwe na aina moja ya habari, na kila safumlalo, yaani mstari mmoja wa jedwali, iwe na ufunguo usiofanana na wa nyingine. Faili haimdai mwandishi wake chochote ilhali hifadhidata humdai karibu kila kitu, na ndiyo maana wakati wa kupakia, yaani kuyahamisha yaliyomo katika faili hadi ndani ya majedwali, uzembe wote wa nyuma hudaiwa kwa mkupuo.

Katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya dai hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu orodha nyingi za huko zinahusu maji. Mito ya eneo hilo hukauka mara tu mvua zinapokatika, na tangu miaka ya 1990 mashirika kama SASOL yamesaidiana na wenyeji kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazokinga mto wa msimu ili mchanga ujazane nyuma yake na maji yahifadhike katikati ya chembe zake, mbali na jua. Vyanzo hivyo huorodheshwa na ofisi za serikali, na miradi ya wafadhili, na watafiti wa vyuo, na kamati za wanakijiji wenyewe. Wengine huandika katika daftari na baadaye kunakili katika lahajedwali, wengine hutumia simu zenye programu za dodoso kama ODK au KoboToolbox, lakini karibu wote, wanapotaka kupelekeana walichokusanya, hutoa faili ya CSV. Mjadala ufuatao umepangwa kwa sauti tatu za kubuni. Karani ni mama anayepokea faili hizo katika ofisi ya maji. Mhandisi ni kijana anayeitunza hifadhidata. Mwalimu ni mstaafu aliye katibu wa kamati ya bwawa moja karibu na Migwani. Swali lao ni moja: je, faili isafishwe kabla ya kuingia, au iingie ilivyo na kusafishwa ndani?

Karani alishika upande wa kusafisha kwanza, tena bila kigugumizi. Alieleza kwamba katika PostgreSQL, ambayo ni mojawapo ya programu za hifadhidata zinazotumiwa bila malipo, amri ya kupakia iitwayo COPY ilikuwa kwa miaka mingi haina huruma: kosa likitokea kwenye mstari wa 812, mistari 811 iliyotangulia nayo hubatilishwa, na mpakiaji huachiwa ujumbe mmoja usiomfaa mtu asiyejua lugha ya mashine. Toleo la 17, lililotoka mwaka 2024, liliongeza hiari ya kuiruka mistari isiyosomeka, lakini ofisi nyingi bado zinatumia matoleo ya zamani, na isitoshe, kuruka mstari ni kuruka kisima cha watu. Kwa hiyo, alisema, ni afadhali faili ifunguliwe katika lahajedwali, ipitiwe kwa macho ya binadamu anayezijua sehemu hizo, irekebishwe, ihifadhiwe upya, ndipo ipakiwe.

“Mama Karani,” Mhandisi alijibu, “lahajedwali ndiyo inayoiharibu faili kabla hata jicho halijaifikia.” Akataja namba rasmi ya Kaunti ya Kitui, ambayo ni 015, na ya Makueni, ambayo ni 017: mtu anapoifungua faili kwa kuibonyeza tu, lahajedwali hudhani kwamba hizo ni tarakimu za kujumlishwa, ikazitupa sifuri za mwanzo na kubakiza 15 na 17. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri yake kwa njia hiyo hiyo, na ile iliyoandikwa kikamilifu kwa kuanzia 254 huwa na tarakimu kumi na mbili, kwa hiyo huonyeshwa kwa ufupisho wa kihesabu kama 2.55E+11; mtu akihifadhi faili katika hali hiyo, kinachoandikwa ni ufupisho wenyewe, na tarakimu zilizofichika hazirudi tena. Wala hili si tatizo la watu wa Kitui peke yao, kwani mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ililazimika kuyabadilisha majina kadhaa, ikiwemo jeni iliyoitwa MARCH1, kwa sababu lahajedwali za wanasayansi zilikuwa zikiyageuza kuwa tarehe. Kama wataalamu wa jeni walishindwa kuizuia programu hiyo, ni vigumu kumlaumu karani wa wadi.

Karani hakukubali kushindwa kwa urahisi hivyo. Alisema kwamba lahajedwali ina njia ya kuingiza faili kwa kutamka mapema kuwa safuwima zote ni maandishi, na kwamba anayejua kazi huitumia njia hiyo. Ni kweli. Ila hoja hiyo inategemea kila mtu katika mnyororo ajue kazi, kuanzia mwenye simu hadi mwenye ofisi, na mnyororo wa namna hiyo haujawahi kuonekana popote.

Hapo Mwalimu aliingia kwa jambo ambalo wawili hao hawakuwa wamelifikiria. Katika orodha ya kamati yake kulikuwa na safuwima ya maelezo, na ndani yake watu waliandika kama wanavyosema: bwawa liko “nyuma ya shule, ng’ambo ya mto, karibu na mkuyu”. Koma hizo mbili ni za sentensi, si za kutenga habari, lakini mashine haijui tofauti hiyo. Huikata sentensi vipande vitatu, na kila kilichofuata husogea safuwima mbili kwenda kulia, hata jina la mwenyekiti likaangukia mahali pa kina cha maji. Mhandisi alieleza kwamba dawa ipo, nayo iliandikwa Oktoba 2005 katika waraka uitwao RFC 4180, ambao haukubuni umbo la CSV bali ulijaribu kueleza desturi iliyokuwa imekwisha kuenea: habari yenye koma ndani yake, au yenye kuvunjika mstari, hufungwa kwa alama za mtajo, na alama ya mtajo ikitokea ndani ya maandishi huandikwa mara mbili. Wanaotumia lahajedwali zilizopangwa kwa desturi ya Ujerumani au Ufaransa hutenga kwa nuktamkato, maana kwao koma ndiyo nukta ya desimali, na faili ya mradi uliofadhiliwa kutoka huko inaweza kufika ikiwa haina koma hata moja ya kutenga.

Mwalimu aliuliza pia juu ya ile ritifaa katika neno “ng’ambo”. Swali hilo lilistahili, kwa sababu katika SQL, lugha ya kuziamuru hifadhidata za aina hii, alama hiyo hiyo huonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Programu ya kienyeji inayosoma faili na kuunganisha maneno yake moja kwa moja ndani ya amri itaona kwamba maandishi yamekwisha baada ya “ng”, kisha itakwama, au mbaya zaidi, itayachukua yanayofuata kuwa sehemu ya amri, na huo ni mlango ambao wadukuzi wameupitia mara nyingi. Lugha yenye ng’ombe, na kaunti jirani yenye mahali paitwapo Mang’elete, haziwezi kuepuka alama hiyo. Amri za kupakia kwa wingi, kama COPY ya PostgreSQL au LOAD DATA ya MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, hazidhuriki nayo, kwa kuwa hazigeuzi yaliyomo katika faili kuwa amri. Na hii, kwa maoni ya mwandishi, ni sababu tosha ya kuzipendelea kuliko programu ndogo zinazoandikwa kwa haraka siku ya kukabidhi ripoti.

Kuhusu usimbaji, yaani kanuni ya kuziwakilisha herufi kwa namba, mjadala ulikuwa mfupi. Kikamba, lugha ya wenyeji wa Kitui, huandikwa kwa irabu zenye kiwimbi juu, ĩ na ũ, ambazo hazimo kabisa katika usimbaji wa Windows-1252 unaotumiwa na kompyuta nyingi za zamani. Katika UTF-8 kila moja huchukua baiti mbili, na faili ya UTF-8 ikisomwa kana kwamba ni ya ule usimbaji wa zamani, jina Kĩtui hugeuka KÄ©tui. Karani alisema ofisi huviondoa viwimbi ili kuepuka balaa. Mhandisi alijibu kwamba usimbaji hutamkwa katika amri ya kupakia kwa neno moja tu, na kwamba jina lililovunjika haliwi sawa na jina zima hata kama mtu anayasoma yote mawili kwa namna ile ile, kwa hiyo bwawa moja huhesabiwa mawili.

Kutoka hapo mjadala uliifikia Migwani yenyewe. Faili moja ilikuwa na safuwima iliyoitwa “eneo”, na katika mistari yake mingi iliandikwa Migwani bila kuongeza neno. Lakini kuna mji wa Migwani. Kuna Wadi ya Migwani, ambayo ni moja ya wadi nne za eneo bunge la Mwingi Magharibi pamoja na Nguutani, Kyome/Thaana na Kiomo/Kyethani. Na kuna Kaunti Ndogo ya Migwani, ambayo ni kitengo cha utawala wa serikali kuu kilichotumiwa katika sensa ya Agosti 2019. Mtu anayesimama mjini anasimama katika Migwani zote tatu, na kwa hiyo haoni tatizo. Anayesimama kando ya mto ulio mbali na mji huenda yumo katika moja tu. Jedwali linalojumlisha idadi ya mabwawa kwa kila “eneo” litachanganya ngazi tatu katika jumla moja, bila kutoa ujumbe wowote wa kosa, maana kwa mashine herufi saba zile zile ni jina moja.

Hili ndilo jambo ambalo kusafisha kwa macho hakuwezi kulitibu, na hapa Karani alinyamaza kwa muda. Mhandisi alieleza kwamba hifadhidata hulitatua kwa kuwa na jedwali la peke yake la maeneo, ambamo kila eneo lina namba yake, ngazi yake, na namba ya eneo linalolibeba, kisha jedwali la mabwawa halitaji jina bali namba hiyo. Rejeo la namna hiyo huitwa ufunguo wa nje, na hifadhidata hukataa kuipokea namba isiyokuwemo katika jedwali la maeneo. Mtu aliyeandika “Kyome”, na aliyeandika “Thaana”, na aliyeandika “Kyome-Thaana” wote watakataliwa hadi anayejua aamue kwamba wanakusudia wadi moja.

Mwalimu alikumbusha kwamba maeneo nayo huzaliwa na kufa. Mwingi ilimegwa kutoka Wilaya ya Kitui mwaka 1993, na Makueni ilikuwa imemegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti, na Mwingi ikarudi ndani ya Kitui. Orodha ya visima ya mwaka 1985 itakiweka kisima cha Wote chini ya Machakos, na haitakuwa imekosea. Kwa hiyo jedwali la maeneo lapaswa kuwa na mwaka wa kuanza na mwaka wa kukoma, la sivyo kila mpakiaji atakuwa akiisahihisha historia kwa kuifuta. Mhandisi alikiri kwamba jedwali lake halikuwa na safuwima hizo mbili.

Yote hayo ni madogo yakilinganishwa na suala la nafasi tupu. Katika faili, koma mbili zinazofuatana bila kitu katikati huashiria kwamba hakuna kilichoandikwa, ila haisemwi kwa nini. Hifadhidata ina alama maalumu ya thamani isiyojulikana, ambayo watumiaji wake huiita nali, nayo si sifuri, wala si maandishi matupu. PostgreSQL, katika umbo la CSV, huichukulia nafasi tupu isiyo na alama za mtajo kuwa nali, na alama za mtajo zisizo na kitu ndani kuwa maandishi matupu. MySQL ina tabia nyingine: LOAD DATA ikikuta nafasi tupu mahali panapotakiwa namba, na kanuni kali zikiwa zimezimwa, huweka sifuri, ikatoa onyo ambalo wengi hawalisomi, na kuendelea na safari.

Sasa ichukuliwe safuwima ya kina cha maji katika bwawa la mchanga, yaani umbali kutoka juu ya mchanga hadi maji yanapoonekana mtu akichimba. Katika safuwima hiyo sifuri ndiyo habari njema kuliko zote, kwani inamaanisha kwamba maji yako juu kabisa. Mwalimu alieleza jinsi nafasi hiyo inavyoachwa wazi huko mtoni: wapimaji huchimba hadi urefu wa mkono na jembe, wakakosa maji, na kwa kuwa hawana namba ya kuandika, huacha wazi na kuhamia bwawa lingine. Mpakiaji anayeziruhusu nafasi tupu kuwa sifuri huligeuza bwawa kavu kuliko yote kuwa bwawa lililojaa kuliko yote, na wastani wa wadi nzima hupendeza kadiri ukame unavyozidi. Ripoti ya namna hiyo haitatiliwa shaka na yeyote ofisini, kwa sababu namba zake zote ni halali. Mhandisi aliongeza mfano wa Kyuso, kaskazini mwa Mwingi, ambako mapema katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa katika mipini ya pampu za mkono ili vitume kwa simu hesabu ya matumizi: ujumbe usiofika unaweza kuwa na maana kwamba pampu imevunjika, au kwamba mtandao haukuwepo, na anayeandika sifuri mahali pa ujumbe huo anampeleka fundi kwenye pampu nzima.

Dawa ya nafasi tupu haiwezi kupatikana katika amri ya kupakia, hata ikiandikwa kwa ustadi gani. Inapatikana katika dodoso, kwa kuongeza safuwima ya pili inayouliza kama kipimo kilichukuliwa, na kama hakikuchukuliwa, kwa sababu gani. Mwalimu alilisema hilo kabla ya wataalamu.

Tarehe nazo zilikuwa na hila yake. Kenya huandika siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huanza na mwezi. Katika orodha ya vipimo vya Novemba nzima, siku 18 za mwisho zitakataliwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 13 wala wa 30, lakini siku 12 za kwanza zitapita, na 11 kati yake zitapewa maana isiyo yake. Katika nchi nyingi kosa hilo lingejifichua, maana kipimo cha mvua kingeangukia kiangazi. Ukambani halijifichui kwa urahisi: 04/11/2018, ambayo ni tarehe 4 Novemba, katikati ya vuli ambayo wakulima wa huko huitegemea zaidi, husomwa kuwa tarehe 11 Aprili, katikati ya masika, na maji mengi katika mwezi wa Aprili hayamshtui mtu. Mhandisi anataka mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyoagiza. Hadi hapo, tarehe ipokelewe kama maandishi na kufasiriwa kwa amri inayotaja mpangilio wake waziwazi.

Kutokana na hayo yote Mhandisi alipendekeza jedwali la mapokezi: jedwali ambalo safuwima zake zote ni maandishi, lisilokataa aina yoyote ya habari, lenye safuwima tatu za ziada kwa ajili ya jina la faili, namba ya mstari na siku ya kupokelewa. Faili huingia humo ilivyo. Kisha amri zilizoandikwa na kuhifadhiwa, zinazoweza kurudiwa na kukaguliwa, huhamishia katika majedwali halisi yale yanayotimiza masharti, na yaliyobaki hubaki yakiwa na sababu ya kukataliwa kando yake. Marekebisho yaliyofanywa kwa mkono katika lahajedwali hayaachi alama yoyote, ilhali amri husomeka hata mwaka ujao na mtu mwingine.

Karani alitoa pingamizi ambalo ndilo lililokuwa zito kuliko yote aliyoyasema. Majedwali ya mapokezi, alidai, huwa makaburi: mistari iliyokataliwa hulala humo, mradi unakwisha, mhandisi anapata kazi Nairobi, na mabwawa yenye majina mabovu yanatoweka katika ramani ingawa wanawake bado wanachota maji humo kila asubuhi. Faili iliyokataliwa mlangoni angalau hurudi kwa aliyeileta. Mwandishi anaona kwamba Karani alikosea kuhusu chombo lakini alikuwa sahihi kuhusu watu, na kwamba pendekezo la Mhandisi halitoshi bila kile ambacho Mwalimu alikiomba: kila mwisho wa kupakia, orodha ya mistari iliyokataliwa irudishwe kwa kamati iliyoiandika, kwa karatasi ikilazimu, ikieleza kwa Kiswahili au Kikamba kilichokosekana. “Kijana,” Mwalimu alimwambia Mhandisi, “mashine yako inajua kwamba mstari wa 812 una kasoro, lakini ni sisi tunaojua bwawa lenyewe liko wapi.”

Lililobaki bila kukubaliwa ni muda. Faili za kamati huwa na majina na namba za simu za wenyeviti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu habari za mtu kuhifadhiwa kupita muda ambao lengo lake linahitaji. Jedwali linalojivunia kutofuta chochote linakaribia kuivunja. Mhandisi alitaka jedwali la mapokezi litunzwe mwaka mzima ili makosa yaweze kufuatiliwa hadi chanzo chake. Karani alitaka lifutwe mara tu kamati inaporudisha masahihisho, hata kama ni baada ya wiki mbili. Waliafikiana tu kwamba safuwima ya simu itengwe siku ile ile faili inapofika, iwekwe katika jedwali lake lenye ruhusa za wachache, na Mwalimu akauliza ni nani kati yao atakayeiandikia kamati yake kwamba namba zao zimehamishwa.